Kalamu ya Alhamisi

Mimi Nyemo, karani wa masjala, ghorofa ya pili, Mtumba.
Kalamu ninazo: nyeusi, nyekundu, ya kijani ya bosi.
Moja tu haikai mezani.
Inalala Nkuhungu, dukani kwa Mama Chilangazi,
ndani ya friji, kati ya soda za chungwa na barafu za ubuyu,
imeviringishwa kitambaa cha jikoni
watoto wasije wakauliza.
Friji yangu iliungua siku umeme ulipokatika
ukarudi na hasira.

Kila Alhamisi jioni napita.
"Umemfuata mgonjwa wako?"
Nyuma ya magunia ya uwele nainua blauzi,
napima vidole vitatu toka kitovuni,
tiki. Nahesabu mpaka kumi.
Kalamu isiyo na wino imeandika
palipokwisha kuandikwa na wengi:
shangazi aliandika *mlafi*,
mama mkwe aliandika *shamba la mawe*,
mchungaji, kwa herufi kubwa, *SUBIRA*.
Fundi cherehani peke yake alichora kwa chaki,
akaongeza kitambaa bila kusema neno.
Yule nampenda hadi leo.

Hakuna aliyeuliza kuhusu kidevu,
wembe wa saa kumi na moja alfajiri, taa imezimwa.
Hakuna aliyeuliza kuhusu mwezi.
Angani Dodoma unaonekana wote, hauna wingu la kujifichia;
kwangu ulipotea tangu kiangazi kile.

Daktari Malogo aligeuza kioo cha mashine:
"Unaona vifuko hivi? Vimejipanga ukingoni, haviivi."
Nikaona zabibu.
Zabibu changa za Hombolo, za shamba la baba,
zile zinazogoma kwenye kichala.
Nikacheka, tumbo limepakwa ute wa baridi,
naye hakujua kinachonichekesha.
Baba angezunguka shina, angeshika mkasi,
angesema, huu una majani mengi, tuupunguzie.
Sijawahi kumsikia akiutukana mzabibu.

Kwanza vidonge, vya watu wa sukari. Sukari sina.
Kisha kalamu hii, bei yake nusu ya mshahara na nauli juu.
Mwezi wa kwanza nilitapika nyuma ya kabati la mafaili.
Mama Eliasi wa ardhi akanikuta, akanishika tumbo:
"Hongera, jamani, hongera!"
Nikasema asante.
Mdomoni sikuwa na neno jingine, nilikuwa na ndimu.

Krismasi tukaenda Hombolo.
Mama akasonga ugali wa uwele, mlenda ukivutika kama uzi,
nikala matonge matatu, nikanawa.
Akaifunika sahani kama anayefunika maiti.
"Nani kakwambia chakula changu ni ugonjwa?"
Nilikuwa na maelezo yote, kwa lugha ya daktari.
Nikaomba maji.

Mwezi wa nne, suruali ikaanza kudai mkanda.
Na Jumanne moja, mbele ya jalada la mirathi ya watu,
ukaja. Mwekundu, bila hodi.
Nikafunga sweta kiunoni
nikaendelea kugonga mihuri, kila muhuri kwa nguvu
hadi bosi akatoka kuuliza kuna nini.

Daktari akafurahi. Kisha akavua miwani:
"Mkitaka mtoto, sindano tuiache kwanza,
miezi miwili kabla, isipungue."
Ngazi ninayopandia, niiondoe
kabla sijafika darini?
Nilimweleza Yoramu usiku.
Alikaa kimya, akaenda kuosha sufuria
iliyokuwa safi.
Aliporudi mikono inachuruzika:
"Na wewe? Wewe unataka nini, tukimtoa mama, tukinitoa na mimi?"
Miaka saba ya ndoa. Swali jipya kabisa.

Leo Alhamisi.
Upepo umeleta vumbi la Kizota lote barazani.
Mama Chilangazi amekwisha fungua friji,
mkono uko kwenye kitambaa.
Nimenunua soda, nusu nimempa mwanawe.
"Na mgonjwa?"
"Mwache alale, mama. Wiki hii mwache alale."